Siku sita Kochi pamoja na mama: tubaki mji mkongwe, au twende pia milimani?

Binti wa Tanga

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu.

Mwezi wa Januari nitampeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, kwa matibabu mjini Kochi, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India. Baada ya matibabu kumalizika, na kabla ya siku ya kuonwa na daktari kwa mara ya mwisho, tutakuwa na siku 6 zisizo na kazi, na sitaki azimalize akitazama dari ya chumba cha wageni. Mama amezaliwa na kukulia Tanga, baba yake alikuwa fundi wa majahazi, na tangu utotoni amekuwa akisikia habari za Malabari, yaani pwani hiyo hiyo ya Kerala, kulikotoka mbao za msaji ambazo mafundi wa zamani walizisifu kuliko nyingine zote. Goti lake la kulia linamsumbua. Ngazi ndefu hawezi, lakini akitembea polepole na kupumzika anafika.

Mipango mingi niliyoonyeshwa inagawa siku hizo mara tatu: 2 katika mtaa wa kale wa Fort Kochi, 2 kwenye mashamba ya chai ya Munnar, na 2 ndani ya boti ya kulala huko Alappuzha. Mimi naona ni mbio tupu. Wenye kuujua mji huo, mngenishauri nini?

Mzee wa Gatini

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amjalie mama yetu afya njema. Nimekaa Kochi mara mbili nikimuuguza ndugu yangu, na ushauri wangu ni kwamba Munnar muiache. Ni mwendo wa takriban kilomita 130, barabara yake inapanda kwa kona zisizokwisha hadi kimo cha mita 1,500, na kwenda peke yake kunaweza kula saa 4 au zaidi. Mashamba yale ni mazuri kweli, lakini mtu wa Tanga aliyewahi kufika Amani, kule Usambara, ameshaiona chai ya mlimani. Anachokitafuta mama yako kiko majini.

Hospitali nyingi ziko upande wa bara, Ernakulam, kwenye kelele na magari. Siku ya kwanza ya mapumziko hamieni Fort Kochi, mkalale huko huko. Msivuke kwa gari. Pandeni boti za umeme za usafiri wa umma zilizoanzishwa mwaka 2023, ambazo sasa zinafika Fort Kochi kutoka gati lililo karibu na Mahakama Kuu. Gati zake zinaelea, kwa hiyo maji yakijaa au yakipwa mtu anaingia botini bila kuruka, jambo ambalo kwa mwenye goti bovu ni neema kubwa.

Asubuhi na mapema mpeleke ufukweni akazione nyavu za Kichina. Ni magogo marefu yaliyofungwa kama mkono mkubwa unaoinama juu ya maji, na nyuma yake zimening'inizwa kambani safu za mawe yanayolingana uzito na wavu. Wanaume wanne au watano huvuta kamba kwa pamoja, wavu unapanda, na mawe yanatua chini moja baada ya jingine. Mara nyingi wanachokipata ni samaki wachache tu wadogo. Mimi nilikaa hapo asubuhi nzima na sikuchoka.

Mwendo mfupi kutoka hapo kuna Kanisa la Mtakatifu Francis, lililoanzishwa na Wareno mwaka 1503, mwaka ule ule walipojenga ngome yao. Waholanzi waliutwaa mji mwaka 1663 na Waingereza mwaka 1795, na kila mmoja aliacha nyumba zake. Ndani ya kanisa bado yananing'inia mapepeo ya kitambaa yaliyokuwa yakivutwa kwa kamba na watumishi waliosimama nje.

Siku nyingine nendeni Mattancherry kwa bajaji. Jumba la wafalme wa Kochi lina michoro ya ukutani ya Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu, nayo yatosha kumfanya mtu akae kimya. Onyo langu ni kwamba vyumba hivyo viko ghorofani, basi pandeni bila haraka. Jirani yake ipo sinagogi ya mwaka 1568, ambayo sakafu yake imetandikwa vigae vya Kichina vyeupe na buluu, vilivyochorwa kwa mkono, na hakuna kimoja kilicho sawa na mwenziwe. Jumba hufungwa Ijumaa, na sinagogi huadhimisha Sabato, hivyo msipange ziara hiyo Ijumaa wala Jumamosi. Mimi nilifika Ijumaa nikiwa na mgonjwa wangu tukakuta mlango wa jumba umefungwa, na ilitubidi turudi siku nyingine.

Mzaliwa wa Kilwa

Naungana na Mzee kuhusu Munnar, ila kwa mtoto wa fundi wa majahazi ningeongeza mambo mawili.

La kwanza ni historia yetu wenyewe. Katika Kanisa hilo la Mtakatifu Francis alizikwa Vasco da Gama, aliyefariki Kochi tarehe 24 Desemba 1524, kabla ya mabaki yake kupelekwa Ureno mwaka 1539; jiwe la kaburi lingalipo, limezungushiwa uzio mdogo. Huyu ndiye aliyepewa rubani Malindi mwaka 1498 akavuka hadi pwani ya Malabari kwa chini ya mwezi mmoja, na ndiye aliyefika Kilwa mwaka 1502 akamlazimisha mtawala wetu kulipa kodi kwa dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, akaichoma Mombasa, kisha akaenda kuketi Kochi akiwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme wa Ureno nchini India. Niliposimama mbele ya jiwe lile nilihisi uzito ambao watalii wenzangu hawakuuhisi, na naamini mama atauhisi.

La pili ni boti za Alappuzha, kilomita 50 na ushei kusini mwa Kochi. Zile boti kubwa za kulala zilitokana na vyombo vya kubebea mpunga vinavyoitwa kettuvallam, na maana ya jina hilo ni chombo kilichofungwa, kwa kuwa mbao zake huunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Ni ufundi ule ule wa mtepe wetu! Mwombeni nahodha amwonyeshe mama mshono kwa ndani, autie mkono. Usiku mmoja unatosha, kwani jioni boti hizo hutia nanga ili wavuvi wapate kutega nyavu zao.

Mkibakiwa na siku, nendeni kaskazini hadi Kodungallur, eneo la bandari ya kale ya Muziris ambako Warumi walinunua pilipili manga. Inaaminika kwamba mafuriko makubwa ya mto Periyar mwaka 1341 ndiyo yaliyoiua bandari hiyo na kuifungua ya Kochi. Hapo upo Msikiti wa Cheraman, ambao kwa mapokeo ya wenyeji ulianzishwa mwaka 629.

Mkazi wa Muscat

Hapa Muscat nafanya kazi pamoja na watu wengi wa Kerala, nami nimewatembelea kwao. Dada, Januari umechagua vyema: mvua kubwa ni za Juni hadi Septemba, na za pili hupungua kufikia Desemba. Ombeni mapema viza ya mgonjwa na ya mwuguzaji wake, na mbebe vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo mpya huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10.

Kuhusu chakula usiwe na wasiwasi. Appam ni ndugu wa vibibi vyetu, wa unga wa mchele na nazi, na samaki wa kupaka nazi yupo kila mahali, ila pilipili waambieni waipunguze.

Binti wa Tanga

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nimeamua: siku 4 Fort Kochi, humo tukiwa na asubuhi moja ya Kodungallur, kisha usiku mmoja Alappuzha, na siku ya mwisho turudi Ernakulam kujiandaa kwa daktari. Jana nilimsomea mama habari za kettuvallam. Aliniuliza kamba zile wanazipitisha tundu moja moja au mbili mbili, nikamwambia ataziona mwenyewe.