Samaki wa bangoni anaonekana ameharibika: tatizo ni rangi au macho?

Fundi_Mabango (Kirumba):
Wadau, salaam. Ninachora mabango ya migahawa hapa Mwanza. Mteja mmoja mwenye mgahawa karibu na Mwaloni ameagiza bango la bati lenye sato wa kukaanga, ugali na kachumbari, na ameshikilia kwamba nyuma yote iwe nyekundu. Rangi ya kahawia niliichanganya pembeni ikapendeza, lakini nilipoipaka juu ya ule wekundu ikaingia ukijani, kana kwamba samaki amelala siku mbili bila barafu, ilhali kopo ni lilelile. Ni nini kinachotokea, nami nifanyeje ikiwa mteja hataki nyekundu yake iguswe?

Mwalimu_Sanaa (Nyegezi):
Ndugu Fundi, rangi yako haijabadilika. Jicho ndilo linaloipima kwa kuilinganisha na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kinachofuma mapambo makubwa ya ukutani, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Alipozichunguza aliona weusi wake hauna kasoro yoyote, bali ulififishwa na nyuzi za buluu na zambarau zilizofumwa kando yake, na mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima kuhusu jambo hilo. Kila rangi humsukumia jirani yake rangi iliyo kinyume chake: nyekundu husukuma ukijani, buluu husukuma rangi ya chungwa. Ndiyo sababu baadhi ya wenye mabucha hupanga majani ya kijani katikati ya nyama ili wekundu wake ukolee, na wewe umelazimishwa kufanya kinyume chao.

Basi mtenge samaki na ule wekundu. Mchoree sahani nyeupe iliyo pana, yenye ukingo wa buluu, kisha umlaze juu ya majani mabichi. Kahawia kwa asili ni rangi ya chungwa iliyotiwa giza, kwa hiyo buluu ikiwa karibu itaipa joto.

Mama_Jikoni (Igogo):
Sawa, Mwalimu, ila rangi peke yake haitoshi. Sato mbichi tunamkagua macho na matamvua. Aliyekwisha kukaangwa tunamtazama chale. Akikaangwa vizuri, chale hufunguka, kingo zake zikawa kavu na nyeusi kidogo, na ndani ukaiona nyama nyeupe. Mgongoni pia abaki na mng'ao wa mafuta. Fundi, huyo wako ana chale?

Msomaji_Pasiansi:
Wajapani wameligeuza jambo hili kuwa kazi kamili. Iwasaki Takizo, mzaliwa wa Gujo Hachiman, alianzisha mjini Osaka mwaka 1932 biashara ya vyakula vya bandia vya kuwekwa kwenye madirisha ya migahawa, na kazi yake ya mwanzo inayokumbukwa hadi leo ni kimanda cha nta. Siku hizi hutumika zaidi plastiki, lakini ule ufundi wa nta bado unafundishwa: nta nyeupe na ya kijani humiminwa juu ya maji ya uvuguvugu, huvutwa taratibu chini ya maji mpaka iwe utando mwembamba wenye mikunjo, kisha huviringwa ikawa saladi ya majani ambayo ungetamani kuitafuna. Vyakula vingi huanza na kalibu iliyotolewa kwenye chakula chenyewe, halafu hupakwa rangi kwa mkono. Fundi naye anunue sato mmoja, amweke mbele yake juu ya kitambaa chekundu, aache kuchora kwa kukumbuka.

Fundi_Mabango:
Ahsanteni sana. Chale sikuweka, Mama, nilimpaka mwili mzima rangi moja. Lakini Mwalimu, sahani ikiwa nyeupe, ugali si utapotea?

Mwalimu_Sanaa:
Hautapotea ukiupa kivuli. Tia tone la manjano katika nyeupe ya ugali, upande wa kivuli uwe kijivu chenye ubuluu, na kachumbari uisogeze iuguse. Nyeupe tupu ya koponi iache kwa sahani, na kwa kile kitone cha mwanga kwenye mgongo wa samaki.