Mwajiri anataka ujuzi mpya: ada na muda ni vya nani?

Tumaini_T
Wakuu, naomba mawazo bila kuchambwa. Niko idara ya manunuzi, mwaka wa tisa sasa. Wiki iliyopita tuliitwa kikaoni tukaambiwa kuanzia robo ijayo ripoti zote zitatoka kwenye mfumo mpya wenye akili mnemba, na kila mtu "ajiongeze". Nikauliza, kujiongeza huko ni kwa saa za kazi au saa zangu? Nikajibiwa kuwa ujuzi ni mali yangu, nitaondoka nao, hivyo nijilipie na nisome jioni na wikiendi. Ada ya kozi inakula karibu mshahara wa mwezi mzima.

Swali: kazi ikibadilika kwa uamuzi wa mwajiri, nani abebe gharama ya mfanyakazi kujifunza upya? Maana sielewi kwa nini sisi tujilipie, wakati wenzetu wa uhasibu, ambao siku hizi kazi yao ni kubonyeza vitufe tu, wanalipiwa kozi kila mwaka na ada ya uanachama juu.

Bosi Mdogo
Nitasema lisilopendwa. Nina ofisi ya watu kumi na mmoja. Nilimlipia kijana kozi ya usalama wa mitandao miezi minne, na kila Ijumaa nikamwachia asome. Cheti kilitoka Jumanne, barua ya kuacha kazi ikafika Alhamisi. Na msiniletee ule msemo wa kwenye semina, "usipomfundisha halafu akabaki je". Nimeusikia mara nyingi kuliko nilivyopata faida. Ujuzi unakaa kichwani, kichwa anaondoka nacho, alipie mwenye kichwa.

LejaKuu
Kubonyeza vitufe? Nimerudia kusoma mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro.

Tumaini, ni kitufe gani kinachojua kwamba mauzo yaliyoingizwa tarehe 31 Desemba ni ya Januari, ila meneja anataka bonasi ya mwaka? Kitufe gani kinamnusa msambazaji hewa aliyepitishwa na idara ya manunuzi, yaani idara YAKO? Oktoba 2020 ilibainika Uingereza kwamba wagonjwa wa korona 15,841 hawakuingia kwenye takwimu kwa wakati, kisa faili la Excel la muundo wa zamani ambalo mistari yake inaishia 65,536. Waliozidi wakaachwa nje kimyakimya. Huko ndiko kubonyeza vitufe bila mtu wa kulinganisha jumla ya hapa na jumla ya kule.

Pilipili Kavu
Povu hilo, mkuu, ungelikinga kwenye ndoo tungefulia wiki nzima.

LejaKuu
Jibu hoja.

Pilipili Kavu
Hoja ipi? Aliyeuliza kauliza ada, wewe umejibu korona.

Babu Faili
Wanangu, taratibu. Mimi nimestaafu, ila nimekaa kwenye leja za karatasi kabla hamjazaliwa wengi wenu. Tulikuwa chumba kizima: karani wa kuingiza, karani wa kujumlisha, karani wa kumhakiki aliyejumlisha. Namba moja ikibadilika juu, mnafuta hadi chini, na kifutio kikitoboa karatasi mnaanza ukurasa upya. Halafu ikaja VisiCalc, 1979, jedwali la kwanza la kompyuta kuenea maofisini. Namba inabadilika, jumla inajipanga yenyewe. Siku tulipooneshwa, mwenzangu alitoka nje kuvuta sigara na hakuwa mvutaji.

Makarani wengi waliondoka hawakurudi, hilo tusidanganyane. Ila wahasibu na wachambuzi wa fedha waliongezeka. Zamani bosi akiuliza "tukipandisha bei kidogo itakuwaje?", jibu lilichukua siku mbili, basi akawa anauliza mara mbili kwa mwaka. Jibu lilipoanza kuchukua dakika, akawa anauliza kila saa, na lazima awepo mtu wa kumjibu.

Sasa swali la huyu binti. Sisi kampuni ilituletea mwalimu. Wiki tatu, saa za kazi, mishahara inaendelea. Wala hatukujua kama hilo ni jambo la kujadili.

Bosi Mdogo
Babu, shikamoo. Enzi zenu mtu aliajiriwa ana nywele akastaafu ana upara palepale. Nikiwa na uhakika wa miaka thelathini, hata mimi nitaleta mwalimu. Vijana wa sasa akikaa miaka miwili anaona ameozea kazini.

Pilipili Kavu
Bosi, swali dogo. Yule kijana wa usalama wa mitandao, baada ya cheti ulimwongezea mshahara?

Bosi Mdogo
Nilimtambulisha mbele ya wenzake wote. Alipigiwa makofi.

Pilipili Kavu
MAKOFI.

Msomaji Kimya
Nimecheka peke yangu kwenye basi, watu wananiangalia.

Bosi Mdogo
Chekeni. Pilipili, wewe umeajiri wangapi maishani? Nataka namba, siyo vichekesho. Mwezi ambao mteja mkubwa amechelewa kulipa, mimi ndiye sipati mshahara, siyo yule kijana. Hilo hakuna anayelipigia hata makofi.

Kifungu cha Pili
Turudi kwenye mada kabla haijazikwa. Gary Becker, mchumi aliyepata Nobel 1992, alilichambua hili tangu 1964. Ujuzi wa jumla, unaouzika popote, mwajiri hana sababu kubwa ya kuulipia, maana jirani atauvuna. Ujuzi usio na kazi nje ya geti lenu ni wa kulipiwa na mwajiri, kwa sababu wewe huwezi kuuza popote. Kwa hiyo mleta mada aseme: huo mfumo unatumika kwingine au ni wa kwenu tu? Kama ni wa kwenu tu, kukuambia "utaondoka nao" ni uongo wa mchana kweupe. Utaondoka nao uende nao wapi?

Na Bosi, dawa yako ni mkataba. Unamlipia, anakubali kukaa mwaka mmoja, akitoka mapema anarudisha sehemu ya ada, na deni linapungua kila mwezi anaokaa.

Ulaya wala hawabishani, sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2019 inasema mafunzo ni bure na yanahesabika muda wa kazi.

Mkaguzi Huru
Kifungu, umeisoma nusu. Kifungu cha 13 cha maelekezo ya 2019/1152 kinahusu mafunzo ambayo mwajiri ANALAZIMIKA kuyatoa, kwa sheria au kwa makubaliano ya pamoja na wafanyakazi. Hayo ndiyo yawe bure, yahesabike kama muda wa kazi, na ikiwezekana yafanyike saa za kazi. Bosi akisema tu "jiongezeni" kikaoni, hapo ni mlango mwingine.

Kifungu cha Pili
Sawa, nakubali masahihisho. Ila lugha ya "umeisoma nusu" haikuwa na ulazima.

MamaZamu
Mimi ni mtu wa eksirei, hospitali. 2016 Geoffrey Hinton, huyu wanayemwita baba wa akili mnemba, alisema tuache kuwafundisha madaktari wa radiolojia, ndani ya miaka mitano mashine itakuwa imewapita. Muda huo ulishapita, foleni ya picha bado ndefu na madaktari wa kuzisoma bado wanatafutwa. Lakini mashine kweli zimebadilika. Nimejifunza mfumo mpya mara tatu, zote baada ya zamu ya usiku, mtoto kalala kifuani na simu nimeishika kwa mkono mmoja.

Ada nililipiwa mara zote tatu, siwasingizii. Usingizi ndio haukulipiwa. Mnabishana kuhusu pesa kama vile mtu akipewa pesa anapewa na saa ya ishirini na tano. Kijana asiye na mtu wa kulea atamaliza kozi Jumapili. Mimi nitaonekana sina ari.

Pilipili Kavu
Pole sana dada, ila kwa heshima zote, eksirei si ndiyo kitufe chenyewe?

MamaZamu
Ndiyo. Nikikibonyeza vibaya unakula mionzi mara mbili. Njoo nikupime.

LejaKuu
Asante dada. Mnaona sasa? Kila mtu kazi ya mwenzake ni kitufe.

Msomaji Kimya
Lakini si mashine za kutolea pesa zilivyokuja miaka ya themanini watu wa kaunta benki wakaisha? Kwa nini huku iwe tofauti?

Mkaguzi Huru
Ya kwanza ni ya Barclays, Enfield, London, 27 Juni 1967. Na Marekani watu wa kaunta hawakuisha. Tawi likawa linahitaji watu wachache, kwa hiyo likawa rahisi kulifungua, benki zikafungua matawi zaidi, na hesabu ya jumla ikabaki palepale kwa miaka mingi. Kushuka kwenyewe kulikuja baadaye, benki ilipohamia kwenye simu ya mteja. Waliobaki kaunta waliacha kuhesabu noti wakaanza kuuza mikopo. Kuna waliokuwa wazuri sana wa kuhesabu noti na hawakuweza kumuuzia mtu hata kiberiti. Hao huwaoni kwenye takwimu.

Babu Faili
Kweli kabisa. Karani wetu bora wa kujumlisha ndiye aliyeshindwa kompyuta. Alijua jumla kabla mashine haijaitoa, akawa anaikasirikia.

Msomaji Kimya
Basi iwepo njia ya tatu. Singapore walianzisha SkillsFuture, kila raia wa miaka 25 na kuendelea akapewa dola zao 500 za kozi, na 2024 wenye miaka 40 na zaidi wakaongezewa 4,000. Ufaransa mfanyakazi ana akaunti ya mafunzo inayoingia euro 500 kwa mwaka hadi ifike 5,000, na akihama kazi anahama nayo. Siyo bosi, siyo mimi, ni mfuko.

Pilipili Kavu
Mfuko! Uliza waliopigiwa simu. Matapeli walikuwa wanawaambia Wafaransa "akaunti yako inakaribia kufutwa, tupe namba ya siri", ikabidi Desemba 2022 itungwe sheria ya kupiga marufuku simu hizo. Na Mei 2024 wengi wakaanza kutakiwa kuchangia kwanza, euro 100 wakati huo. Palipo na pesa ya kozi hapakosi mwalimu wa uongo. Nimewahi kulipia "umahiri wa uongozi wa kidijitali", siku mbili, tulifundishwa kutengeneza barua pepe.

Bosi Mdogo
Kumbe na wewe una vyeti!

Pilipili Kavu
Ninacho. Nilipigiwa makofi.

Tumaini_T
Jamani, nimetoka kazini nakuta kurasa tatu.

Kifungu, mfumo ni wa kwetu tu, umetengenezwa na kampuni ya nje kwa ajili yetu. Hakuna tangazo la kazi nililoona linalouliza habari zake. MamaZamu, umeniliza. Ada ningekopa, ni jioni ndizo sina, nauguza mzazi. Mbele ya kikao nikaona aibu kulisema, nikasingizia pesa.

Na LejaKuu, samahani kama umekwazika. Sikumaanisha wahasibu wote. Nilimaanisha wa kwetu.

LejaKuu
Hiyo ndiyo samahani?

Mkaguzi Huru
Tumaini, kama mfumo ni wenu tu, usiombe "msaada wa masomo". Omba mafunzo ya kazini, kwa maandishi, na utaje ripoti ambazo hazitatoka usipofundishwa. Neno "masomo" linamfanya bosi aone anakupa zawadi.

Bosi Mdogo
Hapo hata mimi nakubali. Mtu akiniambia ripoti haitatoka, namwachia saa. Akiniambia anataka kujiendeleza, namkumbuka yule wa Alhamisi.

Pilipili Kavu
Kwa hiyo dawa ni kukutisha.

Bosi Mdogo
Dawa ni kunieleza.

Tumaini_T
Mrejesho. Niliandika kama Mkaguzi alivyosema. Msimamizi amekubali masaa mawili kila Ijumaa ndani ya muda wa kazi. Ada bado ni yangu, ila wataikata kwenye mshahara kidogokidogo kwa miezi sita. Sijui nimeshinda au nimeuziwa. Usajili unafungwa kesho jioni. Nijisajili au nisubiri wakubali kulipa nusu?

MamaZamu
Chukua saa hizo mdogo wangu, na uombe ziandikwe. Ya mdomo huwa yanasahaulika mwisho wa mwezi kazi zikibana.

Kifungu cha Pili
Hapana, asubiri. Akisaini kukatwa leo, kesho mfumo wa pili utakuja na utaratibu utakuwa ndio huo.

LejaKuu
Kabla hajajisajili popote, lile neno lifutwe kule juu.

Tumaini_T
Nimeshalibadilisha, kaka. Angalia.

LejaKuu
Umeandika "kubofya".