Mwanachuo anaondoka na maksi, kijana wa mtaa anabaki na fulana

Kijiwe Tandale: Wakuu salama? Kuna kitu kimenikaa rohoni. Wamekuja wanachuo wa fildi, yani mafunzo kwa vitendo, mtaani kwetu Tandale hapa Dar kuchora ramani ya mitaro na njia za maji, mtendaji akatoa vijana sita wenyeji wa kuzunguka nao, mimi mmojawapo. Wiki mbili juani, uchochoro kwa uchochoro, nani anajua nyumba ipi inatapisha choo mvua ikianza? Sisi. Mwisho wa siku wao wana ripoti na maksi, sisi fulana na soda. Huku ndo kushirikiana?

Mwanafildi: Pole kaka ila msidhani sisi tunaogelea kwenye hela. Bumu lenyewe, hela ya mkopo wa chuo, linachelewa, nauli mfukoni kwako. Na tuseme ukweli, mwenyeji niliyepewa mimi kazi yake ilikuwa kunisindikiza nisikwapuliwe simu Manzese.

Manzese Damu: Hapo hapo simama. Manzese imeingiaje? Mimi nimezaliwa Manzese nina miaka 34 simu niliibiwa mara moja tu, tena Mlimani City.

Mwanafildi: Nimetoa mfano tu mkuu

Manzese Damu: Mfano ungetoa kwenu. Mnakuja na makoti ya kung'aa mnatuuliza maji yalifika magotini au kiunoni, bibi yangu anakuelekeza mpaka alama ya tope ukutani, anakupa na kiti ukae, halafu unaenda kusimulia wenzio tulitaka kukuibia.

Mzee wa Mipango: Vijana tulieni. Hii kitu haijaanza jana. Tandale ilichorwa 2013 kama sikosei, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi

Dada wa Kigogo: 2011 mzee wangu. Halafu Disemba mwaka huohuo ndo yale mafuriko, watu wa Jangwani wakapelekwa Mabwepande. Mradi wa Ramani Huria ndo ukaja 2015, wanachuo na wenyeji tena, na kata nyingi zikaingia OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, kila mtu anaiona bure.

Mzee wa Mipango: Ahsante mwanangu, uzee huu. Hoja yangu, bila wenyeji mwanafunzi angechora mapaa tu. Paa halikwambii maji yanapita wapi.

Kijiwe Tandale: Sasa mzee si ndo ninachosema! Ujuzi ni wetu, jina kwenye ripoti la nani?

Fundi Bomba: Ramani bure ndio, na mtaro umeziba vilevile bure 😂

Dada wa Kigogo: Unaziba kwa sababu ya pampasi mnazotupa usiku. Ramani haizoi taka kaka.

Fundi Bomba: Mimi sina mtoto dada, pampasi za nani?

Mtoto wa Sinza: Tatizo ni uswahilini kwenu mlijenga bila mpango, huku kwetu viwanja vilipimwa, hatuhitaji wanachuo waje kutuonyesha mtaro.

Manzese Damu: 😂😂 Huyu naye. Sinza mlipimiwa miaka ya 70 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi huohuo ndo uliipa Manzese barabara na maji. Tumenyonya ziwa moja, leo unaniita wa uswahilini.

Mtoto wa Sinza: Ziwa moja ila mwenzio nilinenepa.

Mwanafildi: Jamani mimi naomba radhi kwa watu wa Manzese, niliteleza. Kaka wa Tandale, kwenye ripoti yangu majina ya wenyeji niliyaweka, supervaiza akayakata akasema wataje tu "wanajamii".

Kijiwe Tandale: Wanajamii 😂 Yaani wiki mbili nimekuvusha madimbwi naitwa wanajamii. Ungenipa hata barua yenye mhuri niende nayo kwenye usaili.

Fundi Bomba: Mhuri wa chuo siku hizi unauzwa Kariakoo kaka usisumbuke

Mzee wa Mipango: Hayo ya mihuri msiandike hapa.

Mtoto wa Sinza: Naulizia kwa nia njema tu, hao wa fildi wanapatikanaje? Nyuma kwetu maji yalifika kiunoni mwaka jana.

Manzese Damu: 💀💀💀 Si mlipimiwa?