Mkono wa Neema

[06:41] Dada Salma: Habari za asubuhi. Neema alirudi kliniki jana. Leo saa mbili usiku tupigiane simu ya pamoja, tuamue kuhusu upasuaji.

[06:52] Dada Salma: Naona mmesoma. Jibuni.

[09:20] Juma: 👍🏾

[09:22] Dada Salma: Dole gumba si jibu Juma.

[12:57] Neema: Shikamooni. Naandika kidogo kidogo, nikishika simu mkono unakufa ganzi. Ugonjwa unaitwa sindromu ya thorasiki autleti. Neva za mkono zinabanwa kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza. Ndiyo maana nikianika nguo vidole viwili vya mwisho vinaisha nguvu.

[12:58] Neema: Kipimo cha kliniki: nilinyanyua mikono, nifumbe na kufumbua ngumi dakika 3. Hata 1 sikufika.

[13:01] Neema: Mkono ukivimba ghafla na kuwa wa bluu, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

[13:05] Bakari: Dakika 3? Mimi mzima sifiki 😂

[13:05] Hamisi: Wewe hata rimoti unaagiza watoto

[13:06] Bakari: 😂😂 na siku ya kubeba zulia je, nani alikimbia?

[13:07] Dada Salma: Jamani! Ubavu utolewe au usitolewe?

[13:12] Neema: Yangu ni ya neva, kama ya wengi. Huanza na fiziotherapia miezi kadhaa: mazoezi ya mabega, shingo, kupumua. Ipo sindano ya ganzi kwenye misuli ya shingo, ikinipa nafuu basi huenda upasuaji ukasaidia. Wakipasua wanatoa ule ubavu na misuli inayobana. Neva inaweza kuumia, hewa ikaingia kando ya pafu, na maumivu yakarudi.

[13:15] Dada Salma: Mimi nasema apasuliwe. Miaka 2 ya vidonge inatosha.

[15:30] Mama Mdogo: Rahisi kusema. Bibi alipopasuliwa goti nani alilala naye wodini?

[15:31] Dada Salma: Mama mdogo, hilo lilikwisha.

[15:34] Mama Mdogo: Lilikwisha kwenu.

[18:48] Babu: Nimesoma yote. Mtoto alilia na mkono huu tukamwambia amelalia vibaya. Hata mimi nilisema hivyo. Neema mjukuu wangu, nisamehe. Unataka nini wewe?

[19:02] Dada Salma: Shikamoo babu. Tumekusikia.

[19:31] Neema: Ahsante babu. Mazoezi nimeyafanya wiki 3 tu. Niyamalize, halafu sindano. Misuli ya kiganja ikianza kukonda nitakubali kisu. Naogopa, lakini nitakubali.

[19:58] Dada Salma: Sawa. Simu iko palepale saa mbili?

[20:20] Dada Salma: Niko peke yangu hewani.

[22:43] Juma: Samahani, ndio natoka kazini. Hilo la kuvimba mbona hakuna aliyelijibu? Usiku Neema anakaa na nani?

[22:50] Mama Mdogo: Wiki hii mimi nipo. Ijayo, sijui.