Kulenga kwa mkono kwenye gemu za nyambizi: torpedo zinapita nyuma ya meli, nishike wapi?

KinaKirefu:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Nacheza Silent Hunter III, ile gemu ya nyambizi za Wajerumani za Vita Kuu ya Pili, nimezima ile setingi ya kulenga otomatiki maana kubonyeza tu na kusubiri mlipuko kulianza kunichosha. Sasa torpedo karibu zote zinapita nyuma ya tezi, yaani mwisho wa nyuma wa meli. Umbali napima vizuri kabisa kwa kimo cha mlingoti, meli naitambua kwenye kitabu, pembe (meli imenigeuzia upande kiasi gani) naangalia kwa macho, kasi naweka noti 6 hivi (maili za baharini kwa saa) kwa sababu ni meli ya mizigo. Nishike wapi kwanza? Halafu swali la pili, kumwachia afisa wa silaha afanye mahesabu si ndo kuua uhalisia wenyewe?

Omo90:
Shika kasi mkuu. Zikipita nyuma kila mara maana yake meli inakimbia kuliko unavyoiambia mashine ya kulengea. Usikadirie, pima. Nyambizi iende polepole bila kugeuka, periskopu usiizungushe, ule mstari wa wima ndani yake uuache uisubiri meli. Omo (ncha ya mbele ya meli) ikigusa mstari washa saa, tezi ikitoka zima. Chukua urefu wa meli kwenye kitabu, gawa kwa sekunde, zidisha kwa 1.94 upate noti. Meli ya mita 125 ikipita kwa sekunde 30 basi hiyo ni noti 8, sio 6. Na tofauti hiyo ya noti 2 unaiona ndogo lakini torpedo ya umeme inaenda noti 30, kwa umbali wa mita 1000 inatumia kama sekunde 65, na ndani ya hizo sekunde meli imekuzidi mita 67 hivi. Ulilenga katikati, nusu ya meli ni mita 62, kwa hiyo imepita nyuma ya tezi palepale ulipoona!

BahariaMkongwe:
Omo90 kasema kweli tupu. Mimi naongeza kwamba umbali unaupa uzito usiostahili. Tafuta njia ya meli, wahi mbele yake, ukae omo yako ikiikata ile njia kwa digrii 90, torpedo itoke imenyooka bila kukata kona. Ukifika hapo umbali hauna tena shida kubwa, awe karibu awe mbali ile pembetatu ni ileile inakua tu au inapungua. Kwa meli ya noti 8 na torpedo ya noti 30 geuza periskopu digrii 15 upande anaotokea, kwenye mashine weka kasi na pembe ya omo 75 (ile pembe ya meli, 90 toa 15), kisha tulia. Daraja la meli (chumba cha nahodha) likigusa mstari, fyatua. Wachezaji wameipa mbinu hii jina la Dick O'Kane, yule kapteni wa nyambizi ya Kimarekani USS Tang.

Pembe ya kukadiria kwa macho inadanganya sana wanaoanza. Meli ikiwa kwenye digrii 30 tu tayari unaona nusu ya urefu wake, kwa hiyo wengi wanaijazia wakaandika 50 au 60. Kuanzia 60 kwenda 90 macho hayatofautishi lakini hapo ukikosea kidogo hakuumizi sana, balaa liko kwenye pembe ndogo.

SautiYaMaji:
Nijibu lile la pili maana linanigusa. Kwenye nyambizi za Wajerumani usiku wakishambulia juu ya maji anayelenga ni afisa wa kwanza wa zamu, kapteni yuko na chombo na hali nzima ya msafara, na mahesabu anafanya mtambo uliomo ndani. Wamarekani nao walikuwa na timu nzima kwenye kompyuta yao ya torpedo. Sasa kumwachia afisa kunauaje uhalisia? Kinachoua ni ramani inayokuonyesha kila meli iko wapi na inaelekea wapi wakati hujainua hata periskopu, na kamera ya nje. Hizo ndo uzime kwanza. Na washa setingi ya torpedo mbovu, hasa ukihamia Silent Hunter 4, maana torpedo za Kimarekani za Mark 14 mwaka 1942 zilikuwa zinapita chini ya kina kilichowekwa kama mita 3, na kifyatuzi chake hakikutengemaa mpaka 1943. Kapteni wa kweli alilenga sawasawa na bado akakosa, hiyo hali lazima uionje.

Omo90:
Kwa historia nakubali, ila kwangu mtu ajifunze kwa mkono kwanza halafu ndo amwachie afisa. Usipojua zile namba zinatoka wapi hutajua afisa kapewa takwimu mbovu.

KinaKirefu:
Asanteni sana aisee, sasa nimeelewa kwa nini umbali sahihi haukunisaidia. Ila meli ikianza kwenda zigizaga je, ile kasi niliyopima si inaharibika?

BahariaMkongwe:
Kasi mara nyingi inabaki ileile, kinachobadilika ni pembe. Iache amalize kona, ishike njia mpya, soma pembe upya ndo ufyatue. Ukifyatua akiwa katikati ya kona unapoteza torpedo bure na manowari za kusindikiza zinajua uko wapi.