Uzi wa waliokwama: unajinyima, unatoka jasho, mizani haisogei. Wewe ulivukaje?

Mwanzisha uzi (Kimara)

Habari za jioni wadau. Wale wa "kula kidogo, tembea sana" naomba mnisamehe, hayo nayajua na nayafanya. Mwaka huu nilianza nikiwa na kilo 96. Miezi ya mwanzo zilishuka vizuri, nikafika 89, ofisini wakaanza kuniuliza siri. Tangu Pasaka imeisha hadi leo ni 89 ile ile. Asubuhi ikipungua kidogo, kesho yake imerudi. Ugali wa usiku sili, soda nimeshaisahau, jioni nashuka mwendokasi vituo viwili kabla ya kwetu natembea. Mume wangu anakula chipsi mayai saa tatu usiku mbele ya macho yangu na hana hata dalili ya kitambi.

Ratiba za chakula msinitumie, ninazo za kutosha kufungulia duka. Nataka kumsikia mtu aliyewahi kukwama hivi. Ile wiki uliyotaka kuacha kila kitu, nini kilikufanya uendelee? Na kama uliacha, sema tu, hatugombani.

Mchokozi wa Mwanza

Badilisha betri ya mizani dada.

Mwanzisha uzi

Nilishabadilisha kaka. Nikaenda na kwa yule kijana wa mizani pale kituoni, shilingi mia mbili yangu ikaliwa, jibu lile lile.

Mama Pacha

Mimi aliyeniokoa ni fundi cherehani, wala hajui kama aliniokoa. Baada ya kujifungua mapacha nilikuwa bonge haswa, nyama uzembe hadi mgongoni. Nikaingia kwenye mazoezi ya akina mama pale mtaani kwetu, kuruka kamba, kuchuchumaa, kunyanyua madumu ya maji ya lita 5. Kilo zikashuka, zikasimama. Zilisimama muda mrefu hadi nikaanza kuchelewa mazoezini makusudi, nikifika wenzangu wanamalizia.

Ikaja harusi ya wifi yangu, tukapeleka vitambaa vya sare. Fundi alikuwa na vipimo vyangu vya sherehe ya nyuma kwenye daftari lake. Akanipima kiuno, akaangalia daftari, akanipima tena. Akaniuliza, "Mama Pacha, hivi hapa niliandika 104 nikiwa nimelala?" Safari hii tepu ilisoma 97. Kilo zilikuwa hazijasogea hata moja!

Siku hiyo hiyo nikanunua tepu yangu. Sasa najipima usawa wa kitovu mwisho wa mwezi, mizani nimemwachia mdogo wangu. Shida ya madera, bibie, ni kwamba yanaficha kote kuwili: unanenepa huoni, unapungua huoni. Vaa suruali moja ya zamani isiyovutika, hiyo haina unafiki.

Bi Lishe

Mama Pacha kasema kweli, na tepu ina kazi kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani linahesabu kiuno cha mwanamke kikizidi sentimita 88, na cha mwanaume kikizidi 102, kuwa hatari kubwa kwa sukari na moyo. Kwa hiyo mtu aliyetoka 104 hadi 97 amefanya kazi ya maana hata kama mizani imenuna.

Nafanya kazi ya lishe hospitali ya wilaya, na mimi mwenyewe nimewahi kukwama, kwa hiyo nisikilizeni kwa masikio mawili.

Kwanza zile kilo za mwanzo zinazoshuka kwa kasi. Sehemu yake kubwa ni maji. Mwili una akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inakaa na takriban gramu tatu za maji. Ukipunguza ugali na wali, akiba inatumika na maji yanatoka nayo. Watu wanashangilia, halafu mwezi wa pili spidi inakata, wanadhani mwili umegoma. Haujagoma, umeanza kutoa mafuta, na mafuta hayaondoki kwa haraka ile. Tena mwili mdogo unahitaji chakula kidogo: kile kiasi kilichokupunguza ukiwa na kilo 96 kinaweza kuwa ndicho kinachokushikilia hapo ulipo ukiwa na 89. Na kwa wanawake, siku za karibu na hedhi maji yanajaa, kilo moja au mbili zinaweza kuja na kuondoka bila wewe kula chochote cha ajabu. Linganisha wiki ile na wiki kama ile ya mwezi uliopita.

Pili, hili huwa nasemea ofisini nikiwa nimefunga mlango. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani waliwachukua watu waliosema wanakula kidogo sana na hawapungui. Wakawapima kwa njia za maabara badala ya kutegemea maneno yao. Wale watu walikuwa wanasema wanakula kalori kama 1,000 kwa siku, ikaonekana wanakula kama 2,000. Mazoezi nayo walikuwa wanayakadiria zaidi ya walivyofanya. Tezi zao na miili yao havikuwa na hitilafu ya kueleza jambo hilo, na wengi wao walishangaa kwelikweli walipoonyeshwa.

Yaani macho ya binadamu hayajui kupima, ya kwangu yakiwemo. Nilipokwama nilichukua kijiko cha chakula nikaanza kupimia mafuta ya kupikia badala ya kumimina kwenye sufuria. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Mboga ya familia nilikuwa namimina vijiko vinane, tisa, huku najisifu kwamba nakula mchicha tu! Weka na karanga za kutafuna kwenye foleni, na ile "naonja tu" jikoni, na makombo ya watoto ambayo mama hawezi kuyaona yakimwagwa.

Mwanzisha uzi

Bi Lishe umenipiga kwenye mshono. Makombo ya watoto sikuwa nimeyahesabu kabisa.

Wakala wa Afya Njema

Habari dada, nina chai ya mitishamba inapunguza tumbo siku 7 tu bila mazoezi, haina madhara, njoo faraghani nikupe bei ya ofa.

Kipotabo Mtarajiwa

Huyu asifutwe, aachwe hapo hapo ili niseme. Nimekunywa hizo chai. Nilipungua, ndiyo, maana wiki nzima nilihamia chooni. Siku ya kwenda kazini nikaanguka kwenye daladala, abiria wakanipepea na magazeti, mmoja akasema mpeni soda. Nilipoanza kula tena kilo zote zikarudi. Kumbe nilikuwa natoa maji na choo, mafuta yamekaa pale pale yananitazama.

Bi Lishe

Ulibahatika kuishia hapo. Kuna dawa inaitwa sibutramine, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi, na hadi leo inakutwa imechanganywa kimya kimya kwenye vidonge na kahawa za kupunguza mwili zinazoitwa za asili. Kitu hakijasajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, hujui umemeza nini. Mwenye presha ndiyo asiguse kabisa.

Mzee Kijana (Mbeya)

Mimi sikukwamishwa na mizani wakuu, nilikwamishwa na watu.

Nina presha. Daktari aliniambia punguza chumvi, punguza bia na kitimoto, tembea, na dawa umeze kila siku. Nikafanya. Huku kwetu kuna vilima, kutembea kwenyewe ni jimu. Uso ukaanza kupungua kabla ya tumbo. Basi ikawa msiba. Jirani ananiuliza, "Kaka, kuna shida nyumbani?" Kazini wananiangalia kwa huruma. Nimekwenda kijijini kumsalimia mama, kanishika shavu, kakaa chini akaanza kulia. Mnajua alichokuwa anafikiria. Kwetu mtu mzima akikonda, watu wanamuuguza kwa macho, na wengine wameshaanza kuhesabu aliowahi kutembea nao.

Jioni ile mama alichinja jogoo, nikala sahani tatu ili atulie. Nikarudi mjini nikaendelea kula ili watu watulie. Kilo zikasimama, zikapanda kidogo, na hamu yote ikaniisha. Unajitesa ili iwe nini, kama faida yake ni kuzushiwa ugonjwa?

Kilichonirudisha ni kile kikadi cha kliniki. Nilikuwa na 158 kwa 102 nilipoanza. Nimekwenda kipimo cha kawaida, nimekwama kilo vile vile, nesi akasoma 134 kwa 86. Nikamwambia arudie. Safari iliyofuata nilimchukua mama, nikamwingiza naye chumbani, akapimwa na yeye, nesi akamweleza kwa Kinyakyusa mbele yangu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewajibu wa kijijini. Mizani nyumbani kwangu haipo, nina mashine ya presha. Na dawa sijaacha wala sitaacha mpaka daktari aseme, vijana msije mkanisoma vibaya.

Shoga wa Likoni

Asalaam aleikum jamani, mimi wa Mombasa. Mwaniwacha hoi na hizo habari za chai.

Mimi hunenepa Ramadhani, mkitaka chekeni. Kutwa sili, magharibi yakifika ni viazi vya karai, bajia, kaimati zilogaa shira, mbaazi za nazi na mahamri, kisha nalala, kisha daku. Mwezi waisha, baibui ladai. Baada ya Idi ndipo huanza toba, na kila mwaka nilikuwa nikichoka njiani peke yangu.

Sasa tuko kundi la wanawake, jioni baada ya alasiri twatembea pale Mama Ngina, upepo wa bahari, soga, mwendo wa haraka. Kuna wakati sipungui chochote miezi, naenda tu. Siendi kwa sababu nina moyo, naenda kwa sababu nisipokwenda kuna mama mmoja mtu mzima atanipigia simu aniulize, "Mwanangu, u mgonjwa?" Na ukimjibu umechoka, hukusomea hadi uone haya. Haya imenisaidia kuliko vitabu vyote.

Niliacha Mimi

Mwanzisha uzi kasema tuseme, basi nasema. Niliacha. Nilitoka 98 hadi 84, ikagoma hapo, nikapigana nayo karibu mwaka, nikawa mkali kwa watoto, harusini sili, msibani sili, kila sahani naiona adui. Nikakaa na nafsi yangu nikaamua: 84 ndiyo mimi. Nimeacha kujinyima zaidi ya nilipofika, lakini sijarudi kunywa soda wala kukaa kutwa. Mwaka wa tatu huu bado 84. Mnaweza kuniita mzembe.

Mchokozi wa Mwanza

Mkuu huo sio uzembe, huo ni ubingwa. Mimi ya kwangu hushuka na kupanda, nazunguka kama gari kwenye keepilefti, napita mahali pale pale kila siku.

Bi Lishe

Simwiti mzembe hata mimi. Kutoka 98 hadi 84 na kubaki hapo miaka ni jambo ambalo wagonjwa wangu wengi hawalifikii. Faida ya presha na sukari huanza kuonekana mtu akipunguza hata sehemu 5 kwa 100 ya uzito wake, na yeye kapita hapo mara mbili na zaidi. Ninachobishana naye ni hicho kichwa cha habari, "niliacha". Hukuacha.

Niliacha Mimi

Sawa nesi, jina nitalibadilisha.

Mdau wa Dodoma

Naongeza jambo moja halijaguswa. Mimi nilikuwa na uchovu wa ajabu, baridi wakati wenzangu wanatoka jasho, nywele zinakatika, choo kigumu, hedhi nzito. Nilikuwa nalaumu uvivu wangu. Dada yangu ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali, wakapima damu, tezi ya thairoidi ilikuwa imelala. Sasa nameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai. Msitegemee miujiza, kilo hazikuyeyuka, zilitoka chache tu. Ila nilipata nguvu ya kutoka nje, na hapo ndipo mazoezi yalipowezekana. Na wewe mwanzisha uzi, kama uko kwenye sindano ya uzazi wa mpango ile ya miezi mitatu, iulizie kliniki, kwa baadhi yetu inaongeza uzito. Usikatize mwenyewe tu, utaleta mtoto mwingine.

Mwanzisha uzi

Wa tatu bado yuko mgongoni, hapana asante.

Nimewasoma wote, wengine mara mbili. Sindano niko nayo, Jumatatu naenda kuuliza. Tepu nimeazima kwa jirani, kiuno 99, na nimeandika nyuma ya mlango wa kabati. Mafuta leo nimepimia kijiko. Mume wangu kaonja mboga akauliza kama gesi imeisha. Mizani nimeiweka juu ya kabati hadi mwisho wa mwezi.

Kilichobaki ni hilo la Shoga wa Likoni. Mimi natembea peke yangu, na siku mvua ikinyesha hakuna wa kuniuliza. Kuna mtu wa Kimara au Mbezi hapa anayetembea asubuhi?

Kipotabo Mtarajiwa

Mimi Kimara Temboni. Saa kumi na mbili kasorobo naweza, Jumamosi na Jumapili. Ila natembea polepole, na sipendi kuongea kabla ya jua kutoka.

Mwanzisha uzi

Usijali, nitaongea mimi.