Mwanangu anasubiri radi imfufue mbwa wetu, naombeni ushauri

Mkazi wa Buswelu: Wakuu, habari za usiku. Nipo hapa Mwanza. Mwanangu ana miaka 8, na mbwa wetu Simba alikuwa naye tangu ana miaka 3. Simba amekufa wiki iliyopita. Juzi binamu yake akamwekea Frankenweenie, ile katuni ya Tim Burton ya 2012 ambayo mtoto Victor anamfufua mbwa wake kwa radi. Sasa mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, halali. Jana saa tisa usiku nimemkuta uani ameshika waya wa kuanikia nguo. Nifanyeje?

Sato Mbichi: Huo waya uondoe leo. Radi za ziwa hili si za kuchezea, na hupenda usiku kuelekea alfajiri. Tukivua dagaa kwa karabai, marehemu baba hakuwahi kusubiri ngurumo ya pili. Tunavuta nyavu, tunarudi mwaloni.

Mama wa Wanne: Siku hizi simu ndiyo yaya. Mlitegemea nini?

Shabiki wa Katuni: Msiisingizie katuni. Ni vikaragosi, vinasogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, 24 kwa kila sekunde. Burton aliwahi kuitengeneza fupi mwaka 1984, na waigizaji halisi. Sparky, yule mbwa wa Victor, alivyoamka na mishono yake nililia, na mimi ni mtu mzima.

Daktari Mifugo Mstaafu: Mkuu, Simba alikufa kwa nini? Kama alikuwa anatokwa mate au alimng'ata mtoto, kimbia hospitali sasa hivi. Kichaa cha mbwa hakisubiri uzi huu.

Mkazi wa Buswelu: Hakuwa mgonjwa. Aligongwa na gari.

Daktari Mifugo Mstaafu: Gari la nani?

Mkazi wa Buswelu: Langu. Nilikuwa napiga rivasi alfajiri. Nikamzika kabla mtoto hajaamka, nikamwambia amekufa kwa uzee. Kuna jamaa Igoma ana mbwa wa rangi ileile, baka jeupe kifuani, nimeshamtangulizia 50,000. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtoto amkute uani. Najua mtasema, lakini ninyi hamjamsikia anavyolia.

Mama wa Wanne: Baba, unamdanganya mtoto mara mbili kwa mbwa mmoja! Aliyelala na Simba miaka mitano anamjua hata kwa pumzi.

Mzee wa Chai: Chai hii, wakuu. Sparky naye aligongwa na gari, akikimbiza mpira. Jamaa kachukua filamu nzima kaihamishia Buswelu.

Sato Mbichi: Kumbe! Na mimi nimemtoa baba kaburini bure.

Mkazi wa Buswelu: Natamani ingekuwa hadithi. Simba alikuwa analala nyuma ya tairi la kushoto, maana pale sementi haipati umande. Nilijua, kila siku nachungulia kwanza. Siku hiyo nilichelewa. Ukanda wake ninao mfukoni hadi sasa, una manyoya ya shingoni.

Mzee wa Chai: Samahani, mkuu.

Shabiki wa Katuni: Mwambie wewe mwenyewe, kabla jirani hajamwambia.

Mkazi wa Buswelu: Jamaa wa Igoma kapiga mara mbili, sijapokea. Mvua imeanza kugonga bati. Mtoto ameamka, anatafuta ndala.

Sato Mbichi: Funga mlango kwanza, mkuu. Mengine mtaongea mkiwa ndani.